Bi Pimbi na Muswada wa Heshima ya Kiboko

— Naingia na hadithi!
— Ingia nayo, utukute tumekaa.
— Mmekaa kweli, au kuna mmoja yuko mlangoni?
— Tumekaa wote, na mlango tumeuegesha.
— Nikizidisha je?
— Utapunguza kesho.
— Nikipunguza je?
— Mungu ataijaza. Lete!

Haya. Zamani hizo wanyama wana Bunge na sisi hatuna, palikuwa na bonde likiitwa Kirarani. Bonde hilo lilikuwa na mito mitatu. Mvua ikakataa mwaka wa kwanza, ikakataa mwaka wa pili. Mto wa kwanza ukakauka, kau! Mto wa pili ukakauka, kau! Mto wa tatu ukajikunjakunja, ukajikokota, ukaingia kwenye bwawa moja ukafia humo. Bonde zima likabaki na bwawa hilo moja.

Na bwawa lenyewe lilikuwa na kingo zilizosimama wima kama kuta za kisima. Ukitaka kunywa ulipita mahali pamoja tu, kwenye mteremko mdogo upande wa mawio. Na pale mteremkoni, tumbo chini, matako huku, kichwa kule, alilala nani?

— Kiboko!

Kiboko. Wala hakuwa anakunywa. Alilala tu. Wakubwa wenzake, akina Nyati na Kongoni, walimpiga kikumbo akajisogeza kidogo, wakanywa. Wenye miguu mifupi walisimama nyuma wakisema hodi.

"Hodi, mzee!"

"Pfuuu! Nani?"

"Sisi, mzee. Tuna kiu."

"Hata mimi nina usingizi," alisema Kiboko, akafumba jicho.

Sasa juu ya bwawa, kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi. Kama hamjamwona Pimbi, ni mnyama mdogo tu, masikio ya duara, miguu mifupi, mkia hana kabisa. Wengine walipogawiwa yeye alikuwa amekaa nyuma. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu. Walikuwa wakiramba umande juu ya mawe asubuhi, na umande nao ukaisha. Yule mdogo kabisa, Kitinda, alilia siku mbili kutwa. Siku ya tatu akaacha kulia, akalala ubavu na ulimi nje, mkavu kama jani la muhindi. Alipokuwa analia Bi Pimbi alichoka. Alipoacha kulia Bi Pimbi aliogopa.

Na msidhani alikuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa mbunge! Mbunge wa Majabali, mwaka wa nne huo. Ila hakuna aliyemjua, kwa sababu miaka yote minne alikaa kiti cha nyuma, jirani akisema ndiyo naye anasema ndiyo, jirani akipiga miayo naye anapiga. Siku ile alipomtazama mtoto wake, dhamiri ikamchoma.

"Mola wangu," alisema, "nimesema ndiyo mara ngapi bila kujua nakubali nini? Nisamehe. Sasa naomba niseme kitu changu kimoja tu."

Akashuka kwa Karani Tamba. Karani Tamba ni yule ndege mrefu mwenye manyoya kisogoni kama kalamu alizochomeka, na mwendo wake wa kiofisi, ta, ta, ta. Yeye ndiye aliyeandika mambo yote ya Bunge kwenye majani ya mgomba.

"Nataka kuleta muswada," alisema Bi Pimbi.

"Wa kurasa ngapi?"

"Wa mstari mmoja."

Karani akashangaa, maana hajawahi kuona. Akachomoa kalamu akaandika: *Mnyama yeyote mwenye kiu apishwe mteremkoni, anywe, aondoke.*

"Basi?"

"Basi."

"Na jina lake?"

"Uite unavyotaka."

Akauita Muswada wa Bi Pimbi. Kumbukeni hilo jina, litatuuma mbele.

Bunge la Kirarani lilikutana kwenye ukingo wa bwawa. Kwa nini ukingoni? Kwa sababu mheshimiwa mmoja hawezi kukaa juani, basi Bunge zima likahamia kwake. Spika alikuwa Kobe. Walimchagua kwa kuwa alikuja na nyumba yake, hakudai nyingine. Tatizo lake lilikuwa moja: wabunge wakianza kugombana, Spika anaingiza kichwa ndani. Hapo Karani anainama na kumgonga gambani kwa mdomo, ko! ko! ko! na kila mtu ananyamaza akidhani Spika amekasirika.

Muswada ukasomwa mara ya kwanza. Wanyama wadogo wakapiga makofi. Spika akatoa kichwa.

"Muswada huu ni wa maji. Uende Kamati ya Maji."

Na mwenyekiti wa Kamati ya Maji alikuwa nani?

— Kiboko!

Mnaona mambo hayo? "Kwa sababu anayajua maji," walisema. Na kamati ilikutana wapi? Katikati ya bwawa. Kiboko mwenyewe, Mamba, na Kambale mmoja aliyekubali kila kitu. Bi Pimbi hajui kuogelea. Akasimama juu ya ukingo, shingo ndefu, sauti nyembamba.

"Waheshimiwa! Huko mnasemaje?"

Maji yanatulia. Kisha, pfuuu! Kichwa cha Kiboko kikaibuka.

"Muswada mzuri sana, mama. Tumebadilisha kidogo. Neno moja tu."

"Neno gani, mzee?"

"Ulisema mwenye kiu. Sisi tumesema mwenye kiu *iliyothibitishwa na Kamati*. Wasije waongo."

"Hayo ni maneno matatu!"

"Basi unajua kuhesabu, hongera." Chubwi! Akazama.

Bi Pimbi akangoja. Jua likapanda kidogo. Pfuuu!

"Mama, muswada unazidi kupendeza. Neno moja tu. Ulisema anywe. Tumesema anywe *kwa zamu, akianza mwenye mwili mkubwa*. Utaratibu, mama, utaratibu!"

"Lakini, mzee, mwenye mwili mkubwa si ndiye wewe?"

"Kwani nimejiumba?" Chubwi!

Bi Pimbi akashika kichwa. Akazunguka, akarudi, akazunguka, akarudi. Pfuuu!

"Mama, bado upo? Neno moja tu la mwisho. Ulisema aondoke. Hilo tumelifuta. Si adabu kumwambia mheshimiwa aondoke. Tumesema *asiondolewe*."

Sasa hebu muusikie huo muswada ulivyotoka majini. *Mnyama yeyote mwenye kiu iliyothibitishwa na Kamati apishwe mteremkoni, anywe kwa zamu, akianza mwenye mwili mkubwa, asiondolewe.* Mtoto uliyempeleka kuoga, unarudishiwa fisi aliyevaa nguo za mwanao.

Siku ya kusomwa mara ya tatu Bi Pimbi akasimama kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe.

"Mheshimiwa Spika, naomba muswada usomwe wote, waheshimiwa wasikie ulivyobadilika!"

"Mwongozo wa Spika!" Huyo ni Kanga. Kila Bunge lina mmoja. "Je, mheshimiwa anaruhusiwa kusema akiwa amesimama kwenye kivuli cha mheshimiwa mwingine?"

Wakajadili kivuli. Wakajadili hadi kivuli chenyewe kikahama. Bi Pimbi alitamani kulia. Walipomaliza, Kiboko akapiga miayo, aaauuuh! Mdomo kama mlango wa ghala.

"Mheshimiwa Spika, tusichoshane. Kila mtu anaujua muswada wa huyu mama. Natoa hoja, usomwe jina tu. Jina linatosha."

"Naafiki!" alisema Kambale toka majini.

Kelele zikaanza, Spika akaingiza kichwa. Karani akagonga ko! ko! ko! akasoma: "Muswada wa Bi Pimbi." Kisha akachomoa kalamu akaandika kitabuni, maana yeye kilichofanyika mara moja kwake ni utaratibu milele: *mwenye kuchoka akitaka, jina linatosha.*

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!" Sungura ndiyo, Digidigi ndiyo, Nungunungu ndiyo. Wote wanamwunga mkono Bi Pimbi wao!

"Wasioafiki waseme siyo!"

"Siyo!" alisema Bi Pimbi, peke yake.

Bunge zima likacheka. "Jamani, anaupinga muswada wake mwenyewe! Majabali wametuletea nani?"

"Nadhani walioafiki wameshinda," alisema Spika.

Wadogo wakashuka mbio mteremkoni, vumbi tifu tifu. Kiboko akafumbua jicho moja.

"Kiu yenu imethibitishwa?"

"Na nani, mzee?"

"Na mimi. Na sasa hivi nimelala. Halafu ni kwa zamu, anaanza mwenye mwili mkubwa, naye haondolewi. Si mimi, jamani. Sheria. Sheria ya Bi Pimbi."

Ehe! Hapo ndipo jina likauma. Walipopanda kurudi walipita majabalini mmoja mmoja.

"Asante, Bi Pimbi! Umetuua!"

"Tulikuunga mkono, kumbe nyoka!"

"Nilisema siyo," alisema Bi Pimbi. "Mlinisikia. Mlicheka."

"Sheria ina jina la nani?" aliuliza Nungunungu. "Jibu hilo tu. Ina jina la nani?"

Bi Pimbi alirudi ndani, akamlowesha Kitinda ulimi kwa machozi yake, maana mengine hakuwa nayo. Kisha akakaa akafikiri. Hakufikiri mambo makubwa. Alifikiri jambo moja: hawasomi. Hakuna hata mmoja anayesoma. Wanatazama jina. "Na mimi nilikuwa hivyo hivyo miaka minne," alisema. "Basi ugonjwa huu naujua, nimeuugua."

Kesho yake, Kiboko akiwa ameshiba maji, akaona tamaa haijashiba. Akamwita Karani, akaleta muswada wake. Ulisema hivi: *Majani yote yaliyo kando ya bwawa ni ya Kiboko peke yake. Atakayevunja sheria hii, wenye pembe wote wamsukume hadi juu ya jabali, asimame juani kutwa tatu.* Jina lake alilichagua mwenyewe, akalirudia mara nne kwa raha: Muswada wa Heshima ya Mheshimiwa Kiboko.

Lakini palikuwa na mwiba. Muswada wa majani unakwenda Kamati ya Majani, na mwenyekiti wa Kamati ya Majani ni Nyati. Na Nyati anakula nini? Basi. Kiboko akawa anazunguka majini amenuna, bulubulu, bulubulu.

"Shikamoo, mzee," ilisema sauti nyembamba toka ukingoni.

"Marahaba. Ah, ni wewe mama wa sheria! Watu wanakupenda?"

"Wananitemea mate, mzee."

"Hwoh-hwoh-hwoh! Siasa, mama. Utazoea."

"Nimesikia una muswada. Ukienda kwa Nyati atautafuna."

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Kiboko kunyimwa usingizi! Bi Pimbi akainamisha uso.

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati, mzee. Kamati ya Majabali na Mambo Mengineyo. Tangu iundwe haijapata muswada hata mmoja, tunakaa tunatazamana. Heshima ni mambo mengineyo. Ukimwambia Spika uletwe kwetu, nani atakataa?"

Kiboko akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akaona kitu kidogo kisicho na mkia.

"Kwa nini unisaidie?"

"Sheria yenye jina langu imenitia aibu, mzee. Nataka nishiriki moja itakayopendwa." Na hilo, wapendwa, halikuwa uongo.

Kiboko akamwambia Spika. Nyati akaanza kukoroma kwa hasira, Spika akaingiza kichwa, Karani akagonga ko! ko! ko! Muswada ukaenda majabalini.

Kamati ya Majabali ilikutana juu ya jabali, saa sita mchana. Jiwe linachoma, ungeweza kukaanga yai. Wajumbe walikuwa Bi Pimbi, Nungunungu ambaye bado alikuwa na kinyongo, na Mjusi aliyekuwa akiinua kichwa na kukishusha kila baada ya muda, kwa hiyo ilihesabiwa anaafiki.

Karani Tamba akashuka bwawani, ta, ta, ta. "Mheshimiwa, kamati inakuita ueleze muswada wako."

"Wapi?"

"Juu ya jabali."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Ngozi yangu hii? Waambie waendelee, nawaamini."

Karani akapanda, akashuka tena, maana kanuni inataka aitwe mara tatu. Mara ya tatu Kiboko hakujibu hata kwa mdomo, alitoa mapovu tu. Karani akaandika: *mapovu.*

"Karani," aliuliza Bi Pimbi, "kamati inaruhusiwa kubadilisha kitu gani?"

"Kitu chochote, isipokuwa jina. Jina ni la mwenyewe."

"Jina hatutaligusa. Jina zuri sana. Na ile adhabu ya juani, tuiguse?"

"Ya nini?" alisema Nungunungu. "Iko vizuri."

"Basi tubadilishe kidogo tu pale juu. Neno moja."

Akalisema hilo neno moja. Karani akaandika, akageuza jani, akaendelea kuandika.

"Hilo si neno moja," alisema Nungunungu, miiba imeanza kusimama kwa furaha.

"Ni moja, ila limekuja na ndugu zake."

Mjusi akainua kichwa, akashusha. Ikapita.

Walipoondoka Bi Pimbi alibaki juu ya jiwe. "Mola wangu, unaniona," alisema. "Sitasema uongo. Nitamwomba ausome, nitamwomba mara tatu mbele ya watu. Ila wewe unajua kwamba najua atakataa. Hilo ndilo kosa langu, unisamehe hilo. Kitinda hajafumbua macho tangu asubuhi."

Jioni kabla jua halijazama Karani akampelekea Kiboko nakala yake, jani zima la mgomba, bichi, limeandikwa mbele na nyuma. Kiboko alikuwa bado hajala. Akalinusa. Ng'wa, ng'wa, ng'wa.

"Umeupitia, Mheshimiwa?"

"Wote. Haukubaki hata mshipa."

Karani akaandika: *ameupitia wote.*

Asubuhi Bunge likajaa. Wadogo walikuja wakijikokota, midomo imepasuka, kumtazama tu huyo aliyewamalizia maji anavyomalizia na majani. Bi Pimbi alikuja na watoto wake watatu, Kitinda mgongoni. Alipompita Kanga alimnong'oneza: "Dada, leo ukiwa na swali usijizuie."

"Mimi?" alisema Kanga. "Nimewahi kujizuia?"

Sasa kanuni ya kusomwa mara ya tatu ni hii: mwenye muswada hasimami majini. Anasimama nchi kavu, juu ya jiwe bapa, mbele ya Spika. Kiboko akatoka, maji yakimchuruzika, akapanda jiwe. Akavimba.

"Mheshimiwa Spika, naleta Muswada wa Heshima ya Mheshimiwa Kiboko, ambaye ndiye mimi..."

"Mwongozo wa Spika! Je, mheshimiwa anaruhusiwa kusimama mbele yako hali amelowa?"

Wakajadili kulowa. Walipomaliza alikuwa amekauka.

"Mwongozo wa Spika! Hilo jiwe limepimwa kama linaweza kubeba heshima yote hiyo?"

Wakajadili jiwe. Jua likapanda. Mgongo wa Kiboko ukaanza kuvuja lile jasho lake jekundu.

"Mwongozo wa Spika!"

"Nini tena?" alinguruma Kiboko.

"Nimesahau. Ngoja nikumbuke."

Wakangoja akumbuke. Hakukumbuka. Ndipo Bi Pimbi akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kamati yangu imefanya marekebisho. Naomba muswada usomwe wote."

Kiboko akageuka. Ngozi inamwaka, nzi wanamzengea. "Unaanza tena, mama?"

"Naomba usomwe wote, mzee. Kwa faida yako."

"Faida yangu iko majini! Nimeshaupitia, muulizeni Karani!"

Karani akafunua kitabu. "Ameupitia wote. Imeandikwa."

"Mzee, nakuomba mara ya tatu mbele ya waheshimiwa hawa. Usomwe. Neno kwa neno. Polepole."

Neno *polepole* ndilo lililommaliza. "Jina tu!" alipiga kelele hadi bwawa likatikisika. "Jina linatosha! Mlisema wenyewe!"

Kelele zikapanda, Spika akaingiza kichwa. Ko! ko! ko! Karani akatazama kitabu chake: *mwenye kuchoka akitaka, jina linatosha.* Akasoma: "Muswada wa Heshima ya Mheshimiwa Kiboko. Mwenye muswada, unayakubali marekebisho ya kamati?"

"Nayakubali! Yote! Haraka!"

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"NDIYO!" alisema Kiboko, peke yake alitosha Bunge zima. Mamba na Kambale wakafuata. Na Bi Pimbi akasema ndiyo, ndiyo yake ya kwanza maishani aliyojua ni ya nini.

"Wasioafiki?"

Wadogo walinung'unika, hawakuwa na mate ya kusema siyo. Nyati alikoroma tu.

"Nadhani walioafiki wameshinda."

Kiboko akaruka toka kwenye jiwe, bwaa! akaanza kukimbilia mteremko wake.

"Taratibu, Mheshimiwa," alisema Karani. "Sheria ikishapita inatangazwa yote. Hapo hakuna cha jina tu." Akanyoosha jani: "*Kiboko, kwa heshima yake, atakaa kilindini, mahali panapomfaa mkubwa, na mteremkoni asilale. Mnyama yeyote mwenye kiu apishwe mteremkoni, anywe, aondoke. Sheria iliyotangulia imefutwa. Atakayevunja sheria hii, wenye pembe wote wamsukume hadi juu ya jabali, asimame juani kutwa tatu.*"

Kiboko akasimama katikati ya mbio zake.

"Nani kaandika hayo?" aliuliza Kiboko.

"Ni muswada wako, mzee," alisema Bi Pimbi. "Jina lako hilo hapo juu. Hatukuligusa."

"Sikuambiwa!"

"Uliletewa nakala."

"Niliila!"

"Imeandikwa uliipitia," alisema Karani.

Nyati alikuwa ameshainuka. Nyuma yake Kongoni, nyuma ya Kongoni akaja Pofu, pembe huku pembe kule, wanatazama lile jabali kwa hamu. Kiboko akaona jabali, akaona jua, akaona pembe. Akapita mteremkoni bila kulala. Chubwi! Akaenda zake kilindini.

Dakika moja baadaye, pfuuu! "Nitaleta marekebisho!"

"Lete, mzee," alisema Bi Pimbi. "Heshima ni mambo mengineyo. Kamati yetu inakutana saa sita."

Chubwi!

Basi wadogo wakashuka. Ilikuwa vurugu tupu, migongo na masikio na mikia, ng'we, ng'we, ng'we. Bi Pimbi akamshusha Kitinda, akamtumbukiza pua majini. Kitinda hakutikisika. Bi Pimbi alimwita Mungu kimoyomoyo, mara moja, mara mbili. Kisha ule ulimi mkavu ukagusa maji. Ng'we. Ukangoja. Ng'we, ng'we, ng'we.

Na pembeni yake Sungura alikuwa anafuta mdomo.

"Jamani, Kiboko ana moyo," alisema. "Nani angetegemea?"

"Hii ndiyo sheria," alisema Digidigi. "Sheria ya Kiboko. Siyo ile ya Pimbi ya kututia kiu."

"Mungu amzidishie," alisema Kanga. "Na wewe Bi Pimbi, ujifunze kwa wenzako."

Bi Pimbi akamtazama Nungunungu, aliyekuwepo jabalini, aliyeyasikia yote kwa masikio yake. Nungunungu alikuwa anakunywa. Alikunywa kwa bidii sana, hakuinua uso.

Bi Pimbi akatazama juu mbinguni kama mtu anayesema, wewe je, nawe ulitazama jina tu?

Kitinda akainua pua, inadondosha matone. "Mama, nikamwambie Kiboko asante?"

"Kunywa, mwanangu," alisema Bi Pimbi. "Kunywa, uondoke."

Haya, funzo lake hili, lishikeni vizuri. Ukiwa mkubwa usijisumbue kusoma, jina linatosha, na majani ni matamu. Na ukiwa mdogo kaa kiti cha nyuma, jirani akisema ndiyo sema ndiyo. Bi Pimbi alifanya hivyo miaka minne na hakuna aliyemtemea mate.

— Hadithi yangu naitua hapa.
— Tumeipokea kwa mikono miwili.
— Mwenye kiu akanywe, mwenye usingizi akalale, ila si mlangoni.
— Na wewe, hukuzidisha?
— Mungu anisamehe. Shangazi yangu alinipa hadithi fupi kuliko hii. Nimebadilisha kidogo.
— Kiasi gani?
— Neno moja tu.